Amplifaya Iliyougua Jumapili Tu

Baba mkwe wangu alikuja kututembelea Hopkins, huku Marekani, mwezi wa kumi na moja, akiwa na sanduku moja, koti alilonunua Mombasa, na gita. Gita hilo alilipakata tangu Nairobi kwa sababu hakuwaamini watu wa mizigo. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mwenyeji wa Wundanyi, na ujanani alikuwa katika bendi ya walimu iliyoalikwa kwenye harusi nyingi za Taita. Mimi pia ni Mtaita, wa upande wa Voi, kwa hiyo heshima ya mkwe naijua. Humkatizi akizungumza. Humwambii hapana usoni. Na mkiishi naye kwenye nyumba ya vyumba viwili, ambamo akikohoa chumbani unamsikia ukiwa jikoni, unajifunza kumeza mengi.

Hakuchukua muda kujipatia kazi. Kanisa letu la Wakenya halina jengo. Tunapanga ukumbi wa kanisa la Wamarekani na kuutumia asubuhi mapema, kabla wenyewe hawajaamka vizuri. Haturuhusiwi kuacha chombo chochote pale. Kinanda, vipaza sauti, hata maua ya plastiki, vyote vinakuja na watu na kurudi na watu. Muumini mmoja wa Maple Grove aliyekuwa akihamia jimbo lingine aliliachia kanisa amplifaya ya gita, dude jeusi la kukuzia sauti, lenye ukubwa wa jokofu dogo, la transista, si la zile valvu za kizamani. Lilikuwa zito. Kiongozi wa kwaya alipouliza nani ataweza kulitunza nyumbani, watu wote wakaanza kutazama simu zao.

“Sisi tutalitunza,” baba mkwe akasema.

Aliposema sisi alinikusudia mimi, kwa maana yeye ana mgongo.

Jumapili ya kwanza alipoipiga, wimbo wa kufungulia ibada haukufika kiitikio. Amplifaya ikaanza kukwaruza kama mtu anayeburuta kiti sakafuni, kisha sauti ikafifia, ikarudi kwa kishindo, ikapotea kabisa. Baba mkwe akainama akaipiga kofi ubavuni. Ikarudi kidogo. Akaipiga tena. Ikakata. Waimbaji wakaendelea bila gita, na yeye akasimama pale mbele, akitikisa kichwa kama mwalimu aliyeletewa daftari tupu. Ibada ilipokwisha, kiongozi wa kwaya alikuja kumpa pole.

“Msijali,” baba mkwe akamwambia, mbele ya watu. “Mkwe wangu ni mhandisi wa mambo haya.”

Mimi si mhandisi. Nina stashahada ya elektroniki niliyosomea Mombasa, na kabla ya kuja huku nilitengeneza redio na televisheni kwa miaka michache. Hapa nafanya kazi katika nyumba ya kuwatunzia wazee, Saint Louis Park, nawasaidia kuoga, kula na kumeza dawa. Pasi yangu ya kulehemu solda ilikuwa imekaa kabatini tangu tulipohamia. Lakini neno lilikwisha kusemwa, na lilisemwa kwa fahari, kwa hiyo nilibeba lile dude hadi kwenye gari, kisha ngazi mbili hadi sebuleni.

Nikaliwasha jioni ile ile. Likapiga safi. Baba mkwe aliketi kwenye sofa akapiga nyimbo za bendi yake ya zamani hadi jirani wa chini akagonga dari yake, na hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kesho yake likapiga safi. Jumatano likapiga safi. Nilihisi vibaya kuliko kama lingekataa, kwa sababu fundi yeyote atakuambia kwamba chombo kilichokufa ni rahisi; kinachokutesa ni kile kinachougua mbali nawe na kupona kikikuona.

Nilianza na vile vitu vya kawaida. Nikabadilisha waya wa gita. Nikanunua dawa ya kusafishia viunganishi, nikapulizia vifungo vyote vya kuzungusha na matundu yote ya waya, nikavizungusha mbele na nyuma hadi kidole kikauma. Nyuma ya amplifaya kuna matundu mawili ya kuunganishia vyombo vingine, na mara nyingi tundu la kurudishia sauti huota kutu ndani likakata sauti njiani. Nikaunganisha waya mfupi kati ya yale mawili ili sauti ipite moja kwa moja. Nikakaza nyaya za spika. Baba mkwe alikuwa akinitazama kutoka kwenye sofa, amejifunika blanketi la mke wangu.

“Umeipata?” akauliza.

“Bado naangalia, baba.”

“Mimi naona ni ule waya wa ukutani.”

“Waya wa ukutani ni mzima.”

“Haya. Wewe ndiye unayejua.”

Jumapili ya pili ikakwaruza wimbo wa kwanza, ikakata wimbo wa pili. Makofi ubavuni. Kiongozi wa kwaya akanitupia jicho kutoka jukwaani. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu, nikajifanya natafuta andiko.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mchungaji alipokuwa katikati ya mahubiri, baba mkwe alijaribu uzi mmoja wa gita kwa kidole, polepole, na amplifaya ikaitika vizuri kabisa, sauti laini iliyofanya watu wageuze shingo. Wimbo wa sadaka ukapigwa bila dosari. Kwa hiyo yeye akaamini kwamba makofi yake ndiyo yaliyoitengeneza, na kwamba kazi yangu ya wiki nzima haikusaidia kitu.

Wiki iliyofuata niliamua kuifungua yote. Mtu ambaye hajawahi kufungua chombo kama hiki hawezi kujua jinsi kilivyoundwa kumkomoa fundi. Bodi yenyewe imeshikiliwa na zile nati za vifungo vya mbele, kwa hiyo ili uone upande wa chini lazima ung'oe kila kifungo, ufungue kila nati, utoe skrubu za nyuma, za pembeni na za chini, na kila kundi la skrubu lina urefu wake. Nilizipanga kwenye kisahani kama saa: za nyuma juu, za pembeni kulia, za chini kushoto. Kisha nikaenda kazini.

Niliporudi, kisahani kilikuwa kimesafishwa. Skrubu zote zilikuwa zimepangwa mstari mmoja juu ya gazeti, kutoka ndefu hadi fupi, kama watoto kwenye paredi.

“Nimekusaidia,” baba mkwe akasema. “Ulikuwa umeziacha ovyo.”

Mke wangu, ambaye ni nesi na alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, akanikazia macho.

“Asante, baba,” nikasema.

Kuzijaribu moja moja ili kujua ipi ni ya wapi kulinila jioni nzima. Kwenye bodi sikuona kitu. Kapasita kubwa hazikuwa zimevimba. Transista za kutolea sauti zilipima sawa kwenye mita. Umeme ulikuwa ukifika kila mahali ulipotakiwa kufika. Nikaacha amplifaya imewaka saa nzima, nikaitikisa, nikaigonga, nikaiinamisha. Ikavuma taratibu, yenye afya tele, kama inanicheka. Nikarudisha kila kitu mahali pake.

Jumapili ya tatu ikakata kabla hata ya wimbo wa kwanza, wakati wa kupatanisha nyuzi.

Nilibaki ukumbini baada ya ibada, watu wakiwa wamekwenda kunywa chai, nikaichomeka mwenyewe na kupiga nyuzi. Mimi sijui gita, nilizikwangua tu. Ikaitika vizuri. Nikaongeza sauti. Ikaitika vizuri zaidi. Mzee mmoja Mmarekani, mtunza jengo, akachungulia mlangoni na kuniomba kwa upole nipunguze, kwa sababu wenyeji walikuwa wanaanza kuingia.

Tukiwa garini kurudi nyumbani, mke wangu akiendesha, baba mkwe alikaa mbele akitazama theluji iliyorundikwa kando ya barabara. Tukapita taa mbili. Kisha akasema, bila kugeuka:

“Nilidhani ulisomea haya mambo.”

Sijui hasira ilitoka wapi. Nilikuwa nimefanya zamu mbili mfululizo wiki ile, na mkono ulikuwa na alama ya solda niliyojiunguza kwa kazi isiyo na faida.

“Nilisomea, baba,” nikasema. “Lakini chombo hakitengenezwi na huku kinapigwa makofi. Hiyo si punda. Kila nikiunganisha kitu, wewe unakilegeza. Na skrubu zangu naomba uziache.”

Mke wangu akashika usukani kwa mikono yote miwili. Tulipofika baba mkwe akashuka, akaenda chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza, na hilo likaniumiza kuliko kama angeubamiza.

Siku zilizofuata alikuwa na adabu ya kutisha. Alinisalimia kila asubuhi. Alinishukuru kwa chakula ambacho sikukipika. Alipotaka chumvi alimwomba binti yake aniombe mimi, na mimi niko mkabala naye. Gita halikutoka kwenye mkoba wake. Mke wangu akanipeleka jikoni, akafungua maji ya bomba ili sauti zetu zisisikike.

“Utamwomba radhi,” akasema.

“Nitamwomba. Lakini nilichosema ni kweli.”

“Kweli ina mahali pake. Unamwambia baba yangu punda?”

“Nilisema amplifaya si punda.”

“Yeye amesikia punda.”

Nikaenda, nikagonga mlango wake, nikamwomba radhi nikiwa nimesimama, kama inavyopasa. Akaitikia kwa kichwa. Akasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Nikarudi jikoni nikakaa, nikikoroga chai. Mke wangu alikuwa akikata sukuma wiki. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimefika mwisho, kwamba Jumatatu ningelipeleka lile dude dampo na kumwambia kiongozi wa kwaya limeibwa. Akacheka kidogo. Kisha akaanza kuniuliza maswali kwa ile sauti anayowauliza nayo wagonjwa.

“Inaanza lini?”

“Mwanzoni mwa ibada.”

“Inapona lini?”

“Kwenye mahubiri. Kila mara.”

“Nyumbani haijawahi?”

“Haijawahi.”

“Na kabla ya ibada inakuwa wapi?”

“Hapa.”

“Si hapa,” akasema. “Wewe Jumamosi unakuwa kazini hadi usiku, ukirudi unalala moja kwa moja. Baba huniomba nimsaidie kuiweka kwenye gari mchana, ili Jumapili tusichelewe. Inalala garini.”

Nikaweka kijiko chini.

Gari letu halina gereji. Linalala nje, kwenye maegesho ya wapangaji, katika baridi ambayo ukitoka na nywele zenye maji zinakuwa vijiti kabla hujafika barabarani. Kila Jumamosi amplifaya ile ilikuwa ikilala kwenye buti kama kipande cha nyama kwenye jokofu, ikiingizwa ukumbini asubuhi na kuwashwa hapo hapo. Chuma kikipoa husinyaa. Kama kuna mahali pameachana kidogo, panafunguka. Chombo kikipata joto, kinatanuka, panafunga tena, na huo ndio wakati wa mahubiri. Kisha tunairudisha sebuleni karibu na kipasha joto, ambako inakaa wiki nzima katika hali ya hewa ya Mombasa. Nilikuwa nimeipima wiki tatu mahali ambapo haikuwa na sababu ya kuugua. Nikajikasirikia, nikamkasirikia baba mkwe kwa bidii yake ya kuwahi, nikamkasirikia hata mke wangu kwa kuwa alijua jambo hilo wakati wote na hakulisema, ingawa sikuwa nimemuuliza.

Siku yangu ya mapumziko ilipofika nikaitoa amplifaya kwenye kisanduku chake, nikaitandaza juu ya ubao, bodi ikiwa wazi, nikaiweka kwenye roshani na kufunga mlango. Ikakaa huko tangu chai ya asubuhi hadi karibu na chakula cha mchana. Nilijua kwamba mara nitakapoiingiza ndani muda utakuwa mfupi, itapata joto na kupona, kwa hiyo niliamua kuijaribia pale pale mlangoni, mlango ukiwa wazi. Na nilihitaji mtu wa kupiga gita mfululizo, ili mimi nisikie sauti inapokata na mikono yangu iwe huru. Mtu huyo alikuwa mmoja tu nyumbani.

“Baba,” nikasema kwenye mlango wa chumba chake, “naomba msaada wako.”

Akanitazama kwa muda. Akavaa koti lake, akavaa na la mke wangu juu yake, akavaa kofia, akachukua gita.

“Nipige nini?”

“Chodi moja. Ile ile. Usibadilishe.”

“Chodi moja tu?”

“Moja tu, baba.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka nitakaposema.”

Akapiga chodi ya G, nyuzi zote kwa pamoja. Upepo ukaingia sebuleni ukapindua kalenda. Amplifaya ikakwaruza papo hapo, ikafifia, na mimi kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze nikafurahi kuisikia ikiugua. Nikamwonya asiguse kitu chochote zaidi ya gita, kwa sababu zile kapasita zinahifadhi umeme na upande mmoja wa bodi umeunganishwa moja kwa moja na wa ukutani. Kisha nikachukua mwiko wa ugali, kwa maana mti mkavu haupitishi umeme na sikuwa na kijiti kingine kirefu, nikaanza kugusa kifaa kimoja kimoja kwa ncha ya mpini.

“Huo ni mwiko wangu,” mke wangu akasema kutoka jikoni.

“Nitauosha.”

G. G. G. Nikagusa kapasita: hakuna. Nikagusa nyaya za spika: hakuna. Baba mkwe alianza kuchoka. Nikamsikia akitia noti ya pembeni, halafu nyingine, ule mtindo wa vidole wa bendi yake.

“Baba, G peke yake.”

“Mtu hawezi kupiga G mpaka Yesu arudi,” akasema, lakini akarudi kwenye G.

Nyuma ya bodi kulikuwa na resista mbili nyeupe, nene kama vipande vya chaki, zinazopunguza umeme mkubwa ili uifae sehemu ndogo ya mbele. Hizo kazi yake ni kupata moto. Nilipoisukuma ya kwanza kwa mpini wa mwiko, hakuna. Nilipoisukuma ya pili, sauti ikarudi kwa nguvu, G nzima, mke wangu akaangusha sufuria. Nikaachia: kwaru, kimya. Nikasukuma: G. Nikafanya hivyo mara kadhaa, kushoto na kulia, mpaka baba mkwe mwenyewe akasimama, akainama karibu nami, pumzi yake ikitoka kama moshi.

“Ni hiyo,” akasema.

“Ni hiyo, baba.”

Nikazima, nikachomoa waya, nikamaliza umeme wa kapasita, nikapindua bodi chini ya taa ya meza. Kwa macho ya kawaida hakuna kitu. Kwa kioo cha kukuzia, kwenye mguu wa ile resista, solda inayoushikiza kwenye bodi ilikuwa na ufa wa mviringo mwembamba kuliko unywele, umeuzunguka mguu wote. Nilikuwa nimeutazama ufa ule wiki moja iliyopita bila kuuona. Miaka ya moto na kupoa ilikuwa imeulegeza mguu ule taratibu. Kofi ubavuni liliuunganisha kwa sekunde, baridi ikauachanisha tena. Nikanyonya solda ya zamani, nikaisafisha miguu ya resista zote mbili, nikazinyanyua kidogo juu ya bodi ili joto lake lipate pa kwenda, nikapiga solda mpya. Kazi yenyewe ilikwisha kabla chai haijapoa. Kuirudisha ndani ya kisanduku ndiko kulikochukua mchana wote, na safari hii baba mkwe alikuwa akinipa skrubu moja moja, kila ninapoomba, bila kunipa maoni.

Mimi nilisema kuanzia sasa isilale garini. Yeye akakataa.

“Chombo kinachoogopa baridi bado ni kigonjwa,” akasema. “Na ilale, tujue.”

Jumamosi ikalala garini. Usiku ule ndio ulikuwa wa baridi kuliko mwingine wowote msimu ule, hata gari lenyewe lilinuna kuwaka. Ukumbini niliibeba mikono ikiganda, nikaiweka chini, nikaiwasha, nikaenda kukaa safu ya tatu. Sikuweza kuimba. Baba mkwe akapiga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaongeza na beti za gita ambazo hazikuwa kwenye ratiba, na amplifaya haikukwaruza hata mara moja. Kiongozi wa kwaya alinionyesha kidole gumba. Nikasikia mabega yangu yanashuka.

Baada ya ibada nilikwenda mbele kukunja waya, nikitarajia, naungama, neno moja la pongezi. Baba mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, anapapasa uzi mwembamba.

“Vipi, baba?”

“Haikati,” akasema. “Lakini si sauti yake. Imekuwa kali. Inachoma sikio.”

Nilimeza maneno mengi pale. Nilimweleza kwamba nilichogusa hakihusiani na ukali wa sauti, kwamba umeme ukiwa sawa sauti inakuwa ile ile, kwamba labda ni ukumbi, au masikio yamezoea ile ya kukwaruza. Akasikiliza yote kwa subira.

“Inachoma,” akasema.

Nikapiga magoti mbele ya vifungo, nikiwa na nia ya kumwonyesha kwamba viko pale pale alipovizoea. Cha sauti nyembamba kilikuwa kinaonyesha tano, kama anavyopenda. Nikakizungusha chini mpaka mwisho wake, ili nimthibitishie. Kikapita sifuri kabla ya kugota. Nilikuwa nimekirudisha kikiwa kimepinda, alama yake ikidanganya; tano ilikuwa ni saba na ushei.

Nikaking'oa kwa kucha, nikakigeuza, nikakisukuma kikaingia. Baba mkwe akapiga uzi mmoja, kisha chodi nzima, akafumba macho kidogo.

“Sasa ndiyo yenyewe,” akasema, na akaendelea kupiga huku watu wakinywa chai, mpaka yule mtunza jengo akaja tena mlangoni.